Kianzishi na Kiunganishi: Sarufi ya Kazi Zinazojiendesha

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kufafanua istilahi mbili ambazo msomaji wa Kongo huzikuta kwa Kifaransa katika programu za kuendeshea kazi za ofisi, nazo ni déclencheur na connecteur. Hapa tutaziita kianzishi na kiunganishi. Programu hizo humwezesha mtu asiyejua lugha za kompyuta kupanga mfululizo wa kazi kwa kuchagua visanduku kwenye skrini na kuvifuatanisha. Akimaliza kuupanga, mfululizo hujiendesha wenyewe. Miongoni mwa zinazojulikana ni IFTTT, iliyotangazwa Desemba 2010. Zapier, iliyoanzishwa mwaka 2011. Na ile ya Microsoft, iliyotolewa mwaka 2016 kwa jina la Flow, kisha ikaitwa Power Automate mwaka 2019.

Jina IFTTT lenyewe lastahili kuzingatiwa na wanaisimu, kwani ni herufi za kwanza za maneno ya Kiingereza yenye maana ya "kikiwa hiki, basi kile". Hiyo ni sentensi ya sharti. Nasi twashikilia kwamba kila mfululizo wa namna hii ni sentensi ya sharti, na kwamba madhara yake makubwa hutokana na sharti lisilosemwa kikamilifu.

Tuchukue mfano wa ofisi ya uandikishaji katika kitivo chochote. Mwanafunzi anajaza fomu kwenye intaneti. Jina lake linatiwa katika orodha. Barua pepe ya uthibitisho inatumwa kwake. Kazi zote hizo zilikuwa za karani. Sasa karani ameondolewa katikati, pamoja na busara yake.

2. Kianzishi

Kianzishi ni tukio linaloamsha mfululizo. Lisipotokea, hakuna tendo lolote linalofuata. Vianzishi ni vya aina tatu. Cha kwanza hufuata saa: "Ifikapo saa moja ya asubuhi, orodha hutumwa." Cha pili hufuata jambo lililotukia: "Fomu ikiletwa, jina huandikwa." Cha tatu hufuata mkono wa mtu: "Karani akibonyeza kitufe, barua hutoka."

Msomaji ataona kwamba Kiswahili kimekwisha kuzitenga aina hizi. Saa moja haina budi kufika, ndiyo maana tukatumia -po ya wakati. Fomu yaweza kuletwa au isiletwe, na karani aweza kubonyeza au asibonyeze. Kwa hiyo tukatumia -ki- ya sharti. Mpangaji anayejiuliza kama kazi yake ni ya -po au ya -ki- amekwisha kuchagua nusu ya kianzishi chake.

Inafaa pia kujua jinsi habari ya tukio inavyofika. Njia ya kwanza ni ya kuchungulia: kila baada ya muda uliowekwa, programu huenda kutazama kama kuna fomu mpya, ikikumbuka mahali ilipofikia mara iliyopita. Njia hii huleta kuchelewa, na mwanafunzi aliyejaza fomu yake hungoja zamu ya kuchunguliwa. Njia ya pili ni ya kupigiwa hodi: huduma iliyopokea fomu ndiyo inayoijulisha programu papo hapo. Hata hivyo, mpiga hodi asipoitikiwa hurudia. Kwa hiyo tukio moja laweza kufika mara mbili, na mwanafunzi mmoja akaandikwa mara mbili. Dawa yake ni kuongeza sharti: "Fomu ikiletwa, na nambari yake ikiwa haimo katika orodha, jina huandikwa."

Hatari nyingine ni ya mzunguko. Tuseme kianzishi ni "mstari wa orodha ukibadilishwa", na tendo linalofuata linaubadilisha mstari uleule. Tendo hilo litauamsha mfululizo upya, nao utatenda tena, bila kikomo mpaka uzuiwe. Karani asingefanya hivyo hata siku moja, kwa kuwa anajua kutofautisha badiliko lake na la mwingine. Kianzishi husikia tukio tu. Hakijui nia wala mtendaji, isipokuwa kimeambiwa.

3. Kiunganishi

Katika sarufi, kiunganishi huunga vishazi viwili bila kuvigeuza. Katika programu hizi kazi yake ni pana zaidi. Huduma ya fomu na huduma ya barua pepe hazisemi lugha moja. Kinachoitwa "jina" upande huu chaweza kuitwa "mwombaji" upande ule. Kiunganishi hueleza huduma fulani inatoa vianzishi gani, inakubali matendo gani, na inataka habari zake ziletwe kwa umbo gani. Kwa hiyo chafanana zaidi na tarishi aliye pia mkalimani.

Tarishi hana budi kuwa na kibali. Hapo inatupasa kutenga kiunganishi na uunganisho. Kiunganishi ni njia iliyo wazi kwa wote. Uunganisho ni njia hiyo ikiisha kufunguliwa kwa idhini ya mtu maalumu. Kanuni ya OAuth 2.0, iliyochapishwa Oktoba 2012, huwezesha mtu kutoa kibali chenye mipaka bila kukabidhi neno lake la siri. Basi kila barua itokayo hutoka kwa mamlaka ya mtu huyo, hata akiwa amelala. Akiacha kazi na akaunti yake ikafungwa, kibali hufa pamoja nayo. Fomu zitaendelea kujazwa na wanafunzi watadhani wameandikishwa, kumbe jina hata moja haliingii katika orodha.

4. Hitimisho

Madhara tuliyoyataja hayampati mpangaji. Humpata mwanafunzi aliye nje ya dirisha, asiyejua kwamba dirisha halina mtu. Kwa hiyo twashauri kwamba kabla ya mfululizo kuwashwa, uandikwe kwa sentensi moja ya Kiswahili inayojibu maswali manne: kukitukia nini, kwa masharti gani, kwa jina la nani, na mfululizo ukikwama nani ataarifiwe. Sentensi hiyo iwekwe ofisini mahali ambapo hata asiyejua kompyuta aweza kuisoma. Mfululizo usioweza kuandikwa hivyo haujawa tayari kukabidhiwa kazi za watu.