Ukienda kupiga mbizi Pwani, usishindane na masikio

Umetoka Donholm, Kayole au Umoja ukapanda treni ya SGR kwenda Mombasa. Njiani masikio yakaziba, ukapiga mwayo, yakafunguka. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Kadiri unavyoteremka, shinikizo la hewa linaongezeka na kusukuma kiwambo cha sikio kiingie ndani. Mwayo hufungua mrija mwembamba unaounganisha sikio na koo, hewa ikapita, mambo yakawa sawa.

Sasa wewe na mabeshte mmechanga pesa mkapige mbizi kwa mitungi ya hewa, Diani ama Watamu. Kumbuka hili: shinikizo ambalo treni ilikuongezea kwa zaidi ya saa tano, bahari itakuongezea kabla hujafika mita mbili. Ukifika mita 10, ni mara mbili ya lile la juu ya maji.

Kwa hivyo usingoje maumivu. Anza mapema: bana pua, funga mdomo, puliza polepole. Njia hii ina jina la Antonio Maria Valsalva, daktari Mwitaliano aliyefariki 1723. Unaweza pia kubana pua na kumeza mate. Rudia kila nusu mita hivi, miguu ikitangulia chini. Sikio likikataa, panda kidogo ujaribu tena. Usilazimishe! Kupuliza kwa nguvu kunaweza kuumiza sikio la ndani, na kushuka na maumivu kunaweza kupasua kiwambo.

Je, una mafua ya ile baridi ya Julai? Usiingie majini. Kamasi huziba mrija. Hata dawa ya kuzibua pua si suluhisho, kwani inaweza kuisha nguvu ukiwa chini, hewa ikanaswa sikioni wakati wa kupanda.

Ukiumwa, tikisa kiganja kisha uonyeshe sikio. Na chunga kidole gumba: mtaani ukikiinua unamaanisha poa, lakini chini ya maji unamwambia mwalimu kuwa unataka kupanda.

Najua hutaki kuonekana mwoga mbele ya mabeshte, hasa baada ya kulipa. Lakini mwambie mwalimu ukweli, uahirishe. Pesa mtachanga tena. Sikio jipya halipatikani hata Gikomba.