Askari wa Mwili Ndani ya Uvimbe wa Pua

Pua ya mtu si matundu mawili tu. Nyuma ya matundu hayo kuna nafasi kubwa, tena ndani ya mifupa ya mashavu, ya paji la uso na ya katikati ya macho kuna vyumba vidogo vyenye hewa. Nyuma kabisa, pale pua inapokutana na koo, kuna mahali ambapo mtu hawezi kupaona hata akifungua kinywa mbele ya kioo. Kansa yaweza kuota katika sehemu hizi zote. Nayo hukawia kujulikana, kwa sababu ina chumba cha kukua ndani yake bila kumwumiza mtu.

Kansa ni nini? Mwili wetu umejengwa kwa chembe ndogo sana. Kila chembe huzaliwa, hufanya kazi yake, hufa, na nyingine hushika mahali pake. Chembe ya kansa imeacha utaratibu huo. Yazaana bila kukoma na kuingia katika nyama na mifupa ya jirani. Si uchawi, wala si sumu ya adui. Kwa kansa ya vyumba vya pua sababu moja yajulikana vizuri, nayo ni vumbi la mbao. Katika miaka ya 1960 waganga wa Uingereza waliona kwamba ugonjwa huu, ambao ni wa nadra, uliwapata mno mafundi wa viti na meza katika mji wa High Wycombe. Ninyi mnaopasua mbao katika misitu ya Walikale, sikieni neno hili. Simameni upande upepo unakotoka, na vumbi la msumeno limwagiwe maji kabla ya kufagiwa. Tumbaku nayo huongeza hatari.

Sasa tuje kwa askari. Katika damu mna chembe nyekundu na chembe nyeupe. Chembe nyeupe hulinda mwili, na baadhi yake huitwa limfosaiti. Mtu akipata kidonda mguuni, mara nyingi hupata mtoki kinenani. Mtoki ule ni kambi ya limfosaiti, nazo zimeongezeka ili kupigana. Askari hawa hawapigani na vijidudu vya kidonda peke yake. Wengine huitambua chembe ya kansa kuwa ni kitu kilichoharibika, nao huingia katika uvimbe na kuiua.

Kwa hiyo munganga akikata kipande kidogo cha uvimbe, kikapakwa rangi na kutazamwa kwa mikroskopu, aweza kuwaona askari hao na kuwahesabu. Mwaka 2006 Jérôme Galon na wenzake wa Paris walionyesha jambo kubwa kuhusu kansa ya utumbo mpana. Idadi ya limfosaiti, aina yake, na mahali zilipokaa, vilieleza nani angeishi zaidi kuliko kipimo cha zamani cha ukubwa na uenezi wa uvimbe. Wachunguzi wa kansa za vyumba vya pua wakafuata njia hiyo. Wagonjwa wao ni wachache, lakini nao wameona kwamba ambao uvimbe wao umejaa limfosaiti zinazoua, kwa kawaida wameishi muda mrefu kuliko wale ambao uvimbe wao hauna.

Nasema zinazoua, kwa sababu si kila askari aliye kambini anapigana. Kuna limfosaiti ambazo kazi yao ni kuwazuia wenzao wasipite kiasi. Tena askari aliyeingia katikati ya uvimbe si sawa na yule aliyesimama ukingoni. Na kansa ina hila. Chembe zake nyingine huvaa alama inayomwambia askari, «Simama, usipige.» James Allison wa Marekani na Tasuku Honjo wa Japani waligundua namna ya kuondoa vizuizi vya askari, wakapewa tuzo ya Nobel mwaka 2018. Dawa zilizotoka katika kazi hiyo zimewasaidia wagonjwa wengi. Ni za bei kubwa mno, na kwa watu wa vijiji vyetu bado ni habari ya mbali.

Lakini tusidhani kwamba mambo haya ni ya Ulaya tu. Katika miaka ya 1960 munganga Peter Clifford wa Nairobi aliwatunza Wakenya wengi wenye kansa ya nyuma ya pua. Vipande vya uvimbe vilipelekwa kwa ndege mpaka Stockholm, kwa George Klein na mke wake Eva, wachunguzi wa askari wa mwili. Mwaka 1970 Harald zur Hausen, pamoja na Klein, Clifford na wengine, walitangaza kwamba ndani ya vipande vya namna hii mna alama ya virusi vya Epstein-Barr. (Msiogope jina hili. Karibu watu wote duniani hubeba virusi hivyo, na wengi hawapati kansa.) Uvimbe wa nyuma ya pua umejaa limfosaiti kupita nyingi nyingine, na bado hukua, kwa kuwa askari wamezuiwa. Hata hivyo, huko pia waliokuwa na limfosaiti nyingi zaidi wameonekana kuishi zaidi.

Clifford, na Denis Burkitt wa Mulago huko Kampala, waliona tena jambo la ajabu kwa watoto wenye uvimbe wa taya. Baadhi yao walipewa dawa kidogo tu, uvimbe ukayeyuka na haukurudi. Waganga wakafikiri kwamba dawa ilianza kazi, na mwili wa mtoto ukaimaliza.

Je, hesabu hii yaweza kumwambia mgonjwa siku zake? Hapana. Mkulima wa Masisi akitazama mashamba mawili ya maharagwe aweza kusema hili litazaa kuliko lile, lakini hawezi kusema ni shina lipi litakalovunjwa na mvua ya mawe. Na askari wengi hawatoshi kwa uvimbe ulioachwa mwaka mzima. Mtu dhaifu kwa njaa, au mwenye virusi vya UKIMWI asiyemeza dawa, ana askari wachache; basi apimwe, atibiwe, ale vizuri.

Zishikeni dalili hizi: tundu moja la pua limeziba zaidi ya majuma matatu, damu au usaha wenye harufu unatoka upande mmoja tu, shavu limekufa ganzi, meno ya juu yanalegea bila kuoza, jicho linasukumwa nje, sikio moja limeziba, tezi ya shingo imevimba bila kuuma. Mara nyingi si kansa. Lakini mtu wa namna hiyo asing'olewe meno wala kuchanjwa chale shavuni kabla ya kutazamwa.

Wengi hukataa kukatwa kipande, wakisema kwamba kisu huamsha kansa na kuitawanya. Waliokataa hivyo nimewaona wakirudi jicho likiwa limekwisha kutoka. Kansa hii haingoji kisu ili ienee, na bila kipande hakuna ajuaye ni ugonjwa gani wala ni dawa gani.

Kipande kikikwisha kukatwa, kitiwe mara moja katika chupa yenye formalini, si katika maji wala katika pamba kavu, na jina la mgonjwa liandikwe juu ya chupa yenyewe, si juu ya kifuniko. Safari ya kwenda Goma au mbali zaidi yaweza kuchukua siku nyingi wakati wa mvua. Katika formalini chembe hukaa kama zilivyokuwa. Zikikauka njiani, askari na adui hawatofautiki tena.