Nitrojeni na Uhai wa Udongo katika Mashamba ya Kahawa ya Ruiru na Thika

Kitenzi 'kurutubisha' kimezoeleka mno hata aghalabu hakihojiwi. Mkulima humwaga mbolea shinani mwa mbuni, nacho Kiswahili husema amerutubisha udongo. Ilhali alichokitia huenda ni nitrojeni tu, na baina ya punje ya mbolea na jani la mbuni wapo viumbe wasioonekana kwa macho, yaani bakteria na kuvu. Hao ndio huamua hatima ya nitrojeni hiyo. Nayo nitrojeni huamua ni nani miongoni mwao atakayesalia.

Udongo mwekundu wa asili ya volkeno kutoka Ruiru hadi Thika umebeba mashamba makubwa ya kahawa tangu enzi ya ukoloni. Mengi yamegeuzwa makazi. Tatu City yenyewe imesimama juu ya ardhi iliyokuwa ya kahawa. Hata hivyo, utafiti wa zao hilo ungali na makao yake Ruiru, ilikotoka aina ya Ruiru 11 mwaka 1985. Mibuni ya awali kama SL28 hupandwa takriban 1,330 kwa hekta, ilhali Ruiru 11 hufikia 2,500 na zaidi. Miti ikisongamana hivyo, haja ya nitrojeni huongezeka.

Tatizo huanzia hapo. Mbolea nyingi za nitrojeni huwa na amonia au huizalisha zikishaingia udongoni. Bakteria fulani huigeuza amonia kuwa nitrati ili kujipatia nishati, na katika kazi hiyo huachilia asidi. Nitrati isipofyonzwa na mizizi huzolewa na mvua kuelekea chini, ikiandamana na kalisi na magnesi, huku asidi ikibaki juu. Salfeti ya amonia huleta asidi nyingi kuliko CAN, ambayo huchanganywa na chokaa. Udongo ukizidi kuwa na asidi, aluminiamu huyeyuka na kuidhuru mizizi, na bakteria walioianzisha asidi hiyo nao hudhoofika. Mkulima huona majani yamefifia, akadhani mbolea haikutosha, akanunua gunia jingine la aina ile ile.

Kuvu nazo zina kisa chao. Zipo zinazoishi ndani ya mizizi ya mbuni, zikiuletea fosforasi na kulipwa sukari. Katika udongo mwekundu, ambao huishikilia fosforasi kwa nguvu, ushirika huu ni wa thamani kubwa. Mmea unaposhibishwa virutubishi vya dukani, huelekea kupunguza malipo hayo. Kuvu nyingine huozesha majani na vijiti vigumu. Huko Massachusetts, Marekani, jaribio lililoanza mwaka 1988 katika msitu wa kupandwa wa misonobari na msitu wa asili uliokuwa jirani lilionyesha kuwa nitrojeni ikiongezwa mfululizo kuvu hupungua na uozaji huchelewa. Uchanganuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2008 ulikadiria kuwa uzito wa vijiumbe vya udongoni hupungua kwa wastani wa asilimia 15. Ikumbukwe kwamba misitu ya baridi ina kuvu za aina tofauti na za mbuni, hivyo tarakimu hiyo haistahili kuhamishiwa Thika ilivyo.

La karibu zaidi limetoka Muguga, katika Kiambu hiyo hiyo. Mwaka 1958 H. F. Birch, aliyekuwa mtafiti huko, alieleza kuwa udongo uliokauka ukiloweshwa, vijiumbe huzuka kwa kasi, huozesha mboji na kuachilia nitrojeni. Kwa hiyo mvua ya kwanza ya Machi huja na nitrojeni isiyouzwa na yeyote, na mbolea inayomwagwa siku hizo hizo huikuta nyingine tayari. Lakini vijiumbe haviwezi kutoa kutoka katika ghala tupu. Ghala lenyewe hujazwa na samadi, nyasi za kutandaza na majani ya mgrevilea, mti wa kivuli ambao wakulima wengi huuthamini kwa mbao na kuni.