Kisu cha kambo ni cha mwaka gani? Tuulize chuma



Baada ya matanga ya kambo yangu hapa Kolwezi, mimi ndiye niliachiwa kisu chake cha kukunja: Okapi, mpini wa mbao, na mwezi na nyota juu yake. Familia yote inasema, «Muzungu wa Union Minière njo alimupaka ile kisu mu 1957.» Binamu yangu alishapata hata mnunuzi, mtu anayekusanya visu vya zamani, na bei ilipangwa kufuatana na mwaka ule. Nikasema: ngojeni kwanza, nisome chuma.

Kisu kinasomwa hivi. Kifungue, angalia pale chuma kinapoingia mu mpini. Watengenezaji wengi wanagonga alama yao pale. Pangusa kwa kitambaa na mafuta kidogo. Musipige musasa! Utapata chuma chenye kung'aa, lakini maandishi yatakwenda na kutu.

Kanuni yenyewe ni moja: mara nyingi alama haikuambii kisu kilitengenezwa mwaka gani. Inakuambia tu kwamba hakiwezi kuwa cha kabla ya mwaka fulani. Mifano:

Jina OKAPI. Mnyama ni wetu, wa misitu ya Ituri, lakini wataalamu wa Ulaya walimwandika katika vitabu vyao mwaka 1901. Visu vya jina hilo vilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902, kwa ajili ya makoloni yake ya Afrika. Basi mtu akikuonyesha Okapi «ya 1890», hiyo ni bongo.

INOX kwa Kifaransa, ROSTFREI kwa Kijerumani: chuma kisichoshika kutu. Chuma cha namna hiyo kwa visu kilianzia Sheffield, Uingereza, mwaka 1913. Kisu chenye neno hilo hakiwezi kuwa cha kabla ya hapo.

WEST GERMANY. Nchi hiyo ilizaliwa 1949, na Ujerumani mbili ziliungana 1990. Alama hiyo ni nzuri sana, kwa sababu inafunga mlango pande zote mbili.

Tena musiangalie maandishi peke yake. Opinel ya Ufaransa yenye pete ya kuzungusha ya kufunga chuma haiwezi kuwa ya kabla ya 1955, maana pete hiyo ilibuniwa mwaka huo.

SOUTH AFRICA. Okapi zilianza kutengenezwa Afrika Kusini mwaka 1988, baada ya Wajerumani kuuza jina na mashine.

Sasa turudi kwa kisu cha kambo. Nilipangusa polepole, nikasoma: OKAPI, na chini yake SOUTH AFRICA. 1957 ikafa pale pale.

Nilikwenda kumuuliza tantine, dada mkubwa wa baba. Alicheka, kisha akanyamaza kidogo.

«Ile ya muzungu ilipoteaka mu vita ya 78, wakati tulikimbiaka na watoto ku mugongo. Kisha miaka mingi, kambo yako akaona ingine sawasawa ku Kasumbalesa, akaileta. Batu bakasema ni ile ile. Ye akawaachia tu. Hakupendaka kusemea ile siku.»

Nilimwambia binamu ampashe mnunuzi habari ya kweli. Bei ikaanguka, mnunuzi akaenda zake, binamu akaninunia wiki mbili. Kisu kimebaki kwangu. Lakini bila yale maneno mawili juu ya chuma, tantine hangenisimulia namna walivyokimbia mwaka 78.

Kama uko na kisu cha muzee ku nyumba, piga picha ya alama kwa karibu, mwanga ukitokea kando, utume hapa tusome pamoja. Kisha kaa na wazee wako, uwaulize. Na musasa, tafazali, hapana.