Je, Wajua? Picha ya Uluguru Inalala Wapi

Ukipanda hadi Morningside, juu ya mji wa Morogoro, ukapiga picha ya milima ya Uluguru na kuiweka Facebook, picha hiyo hailali Morogoro. Simu inaipeleka mnarani, inafika Dar es Salaam, kisha mikongo ya baharini inaichukua hadi kwenye seva za kampuni. Kituo cha kwanza cha seva ambacho Facebook ilijenga nje ya Marekani kilianza kazi mwaka 2013 huko Luleå, kaskazini mwa Uswidi, ambako baridi husaidia kupoza mitambo. Ndiyo maana mikongo ya EASSy na Seacom ilipokatika tarehe 12 Mei 2024, intaneti ilisuasua hata kwa mtu wa Kihonda anayemtumia picha nduguye wa Kilakala, mitaa ya mji uleule wa Morogoro.

Picha zetu basi zinakaa kwenye mali ya wengine. Je, wajua kuwa Waluguru, wenyeji wa milima hiyo, walikuwa na utaratibu wao wa mali ya kuazima? Ardhi ya mlimani ilikuwa ya lukolo, yaani ukoo wa upande wa mama. Mgeni aliazimwa shamba alime mahindi, lakini miti ya kudumu hakuruhusiwa kupanda, kwa kuwa mwenye mti huja kudai na ardhi. Sisi mitandaoni tumepanda miti ya miaka kumi na zaidi kwenye shamba la watu.

Shamba lako mwenyewe linaweza kuwa dogo sana. Raspberry Pi, kompyuta yenye ukubwa unaokaribia kadi ya benki, inatosha kutunza albamu ya familia. Nextcloud hutunza mafaili, Pixelfed picha, Mastodon maandishi mafupi; zote ni programu huria, hulipii kitu. Mastodon ilianzishwa mwaka 2016 na Eugen Rochko, na seva zake huelewana kwa kanuni iitwayo ActivityPub, kwa hiyo mwenye seva Morogoro anaweza kufuatana na mwenye seva Mombasa au Muscat.

Seva yangu iko juu ya kabati, taa yake ya kijani ikimetameta usiku kucha. Adui yake mkubwa ni umeme kukatika ghafla: ikiwa katikati ya kuandika, memori kadi inaweza kufa na kila kilichomo. Masika moja nilipoteza hivyo picha za harusi ya dada yangu, na bado zinaniuma. Sasa natumia diski ya nje na betri ya akiba, na nakala nyingine iko kwa mama mdogo, Matombo.

Kikwazo kingine ni anwani. Mitandao ya simu mara nyingi huweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya intaneti, hivyo mgeni wa nje hawezi kubisha hodi kwako moja kwa moja. Wengi hukodi seva ndogo yenye anwani yake, iwe mlango wa kupitishia wageni hadi nyumbani.

Ukiwakaribisha wengine kwenye seva yako, kumbuka kuwa kushika data za watu ni dhamana nzito. Desemba 2016 Maxence Melo wa JamiiForums, mtandao wa mijadala wa Tanzania, alikamatwa, polisi wakitaka taarifa za watumiaji wake, naye akakataa kuzitoa. Aprili 2020 mahakama ya Kisutu ilimtoza faini ya shilingi milioni 3. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, inayokupa haki ya kujua nani ana taarifa zako, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023.

Na je, wajua kuwa Mazimbu, Morogoro, ilikuwa shule ya wakimbizi wa ANC, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini, iliyoitwa Solomon Mahlangu Freedom College? Mwaka 1992 walikabidhi majengo kwa Tanzania, ambayo leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA). Kumbukumbu za shule ziko Chuo Kikuu cha Fort Hare, Afrika Kusini: nyumba waliziacha, karatasi wakaondoka nazo. Kwenye Mastodon ni kinyume: ukihama seva, wafuasi wako wanahama nawe ila maandishi yako ya zamani yanabaki kule. Ukiwa na seva yako, unachomoa diski na kuitia kwenye begi.