Fedha za Shule na Matokeo ya Mtihani



Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Handeni, na mdogo wangu wa kidato cha pili aliniuliza swali nililoshindwa kulijibu pale pale: "Kaka, shule yenu na yetu zote ni za Serikali. Mbona ninyi mwafaulu kuliko sisi?" Mimi nasoma bweni hapa Korogwe, yeye huenda kwa miguu shule ya kata na kurudi jioni. Nimeona vyema nimjibu katika gazeti letu, kwani huenda na wengine wanajiuliza vivyo hivyo.

Kwanza ni fedha. Kwa Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015, Serikali ilifuta ada toka Januari 2016. Ada ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa kutwa, na 70,000 kwa wa bweni. Kadhalika iliwekwa ruzuku ya shilingi 25,000 kwa kila mwanafunzi wa sekondari kwa mwaka: nusu kwa vitabu, na nusu, yaani 12,500, kupelekwa shuleni. Chakula cha bweni kililipiwa na Serikali. Cha kutwa kilibaki juu ya wazazi.

Sasa tupige hesabu. Kwa kiwango hicho, shule ya wanafunzi 1,000 hupata shilingi 12,500,000, na ya wanafunzi 200 hupata 2,500,000. Lakini mlinzi ni yule yule, na vyombo vya maabara havipungui bei kwa kuwa watoto ni wachache. Basi fedha zikigawanywa sawa kwa vichwa, si lazima zitoshe sawa kwa haja.

Pili ni walimu. Mpango wa maendeleo ya sekondari ulioanza mwaka 2004 ulileta shule za kata kwa wingi, nao wengi wetu tusingesoma bila hizo. Hata hivyo majengo yalitangulia, walimu na vitabu wakafuata nyuma. Katika mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2012, watahiniwa wapatao 60 kwa mia walipata sifuri, kabla ya matokeo kupangwa upya mwaka 2013.

Tatu ni saa. Sisi wa bweni tunayo masomo ya jioni, taa, na mwalimu wa zamu. Handeni ni nchi ya ukame; maji ya bomba huvutwa toka mto Pangani upande wa Korogwe, na yasipofika, ndoo huwa kichwani pa msichana. Saa ya kusoma hupotea njiani, wala Baraza la Mitihani halimwulizi mtu ameteka maji madumu mangapi.

Basi, mdogo wangu, akili zako si haba kuliko zangu. Wazazi wakikubaliana kuchanga mahindi ya chakula cha mchana, na wanafunzi wa kijiji wakisoma pamoja jioni, pengo litapungua, ijapokuwa halitakwisha pasipo walimu. Daftari zangu za fizikia nimekuachia sandukuni. Novemba naingia mtihani. Nikifaulu, sitajisifu kwamba ni kwa akili zangu peke yake.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne