Soko la santuri za jazz: Matoleo ya kurudiwa yatikisa bei za kati

WANUNUZI wa santuri za jazz wamegawanyika katika makundi mawili, na makundi hayo hayalipi bei moja. Kundi la kwanza linanunua muziki. Kundi la pili linanunua kitu chenyewe: jalada, lebo, kiwanda kilichofyatua na mwaka wa kufyatuliwa. Mfanyabiashara asiyejua mteja wake yumo kundi gani hulaza mtaji wake rafuni kwa miaka, huku akidhani ameshika dhahabu.

Biashara yenyewe imerudi kwa kishindo. Mwaka 2022, kwa mara ya kwanza tangu 1987, Wamarekani walinunua santuri nyingi kuliko CD: santuri milioni 41 dhidi ya CD milioni 33. Kampuni zenye hazina ya kanda za zamani ziliona mapema kwamba kanda hizo zinaweza kuzaa tena. Ndiyo sababu mtu anayeanza leo kukusanya jazz hukuta albamu moja ikiuzwa kwa bei nne au tano tofauti, na mwenye duka asiyeweza kueleza sababu humpoteza mteja huyo.

Mfano ulio wazi ni kampuni ya Blue Note ya New York, iliyoanzishwa mwaka 1939. Nakala zake za miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ndizo zinazogombaniwa zaidi katika minada ya jazz. Albamu ya mpiga saksafoni Hank Mobley yenye namba 1568, iliyorekodiwa mwaka 1957, imewahi kuvuka dola 5,000 ikiwa nakala ya kwanza iliyotunzwa vizuri. Muziki ule ule unapatikana katika matoleo ya kurudiwa kwa sehemu ndogo sana ya fedha hizo. Kwa hiyo fedha inayobaki hailipii muziki. Inalipia uhaba.

Uhaba huo huthibitishwa kwa alama ndogo ambazo mchuuzi wa kawaida hazitazami. Lebo ya karatasi katikati ya santuri huonyesha anwani ya kampuni, na anwani ilibadilika: Lexington Avenue, kisha 47 West 63rd, baadaye maneno New York USA peke yake. Anwani ya Lexington ikiwa kwenye santuri ya miaka ya 1950 hupandisha bei papo hapo. Halafu kuna sehemu laini kati ya mwisho wa muziki na lebo. Hapo hutafutwa herufi RVG, alama ya fundi mitambo Rudy Van Gelder aliyefariki mwaka 2016, na alama ndogo inayofanana na sikio la mtu. Sikio hilo kwa kweli ni herufi P ya kiwanda cha Plastylite, kilichoifyatulia Blue Note santuri zake hadi kampuni ilipoangukia mikononi mwa Liberty katikati ya miaka ya 1960. Jalada linaweza kuwa la zamani na santuri iliyo ndani ikawa ya baadaye, kwa sababu kampuni zilikuwa zikimaliza akiba ya lebo na majalada bila kujali kwamba miaka sitini baadaye watu watayachunguza kwa miwani ya sonara.

Mwaka 2019 Blue Note yenyewe ilianzisha mfululizo wa Tone Poet, unaosimamiwa na Joe Harley, ukikatwa na fundi Kevin Gray kutoka kwenye kanda za asili na kufyatuliwa katika kiwanda cha RTI huko California. Mwaka uliofuata ukaja mfululizo wa bei nafuu zaidi, Classic Vinyl, unaofyatuliwa Ujerumani. Nakala ya Tone Poet dukani Marekani huuzwa kwa kiasi cha dola 40 au pungufu kidogo. Sauti yake ni safi, jalada ni zito, na haina mikwaruzo ya miaka sitini.

Matokeo yake yanahitaji kuangaliwa kwa makini, kwani wengi hudhani toleo jipya huua bei ya toleo la kwanza. Halifanyi hivyo. Anayetaka lebo ya Lexington hatatulizwa na nakala ya 2019, hata ikilia vizuri zaidi. Pigo huangukia katikati: matoleo ya kurudiwa ya miaka ya 1970 na 1980, nakala za Japan, na nakala za kwanza zilizochakaa. Mali hizo zilikuwa na bei kwa sababu moja tu, kwamba muziki haukupatikana kwa njia nyingine iliyo bora. Ukipatikana kwa dola 40, sababu hiyo imekwisha. Mwekezaji aliyenunua nakala ya kati kwa dola 120 hana namna ya kumshawishi msikilizaji, na mkusanyaji naye hamtazami.

Pia bei haingoji toleo jipya lifike dukani. Huanza kuteleza siku tangazo linapotoka, ambayo huwa miezi kadhaa kabla. Wenye akiba kubwa huuza wiki hiyo hiyo. Anayesoma habari hizo baada ya mwezi mmoja ndiye anayenunua walichotupa wenzake.

Kuna tabaka jingine la chini ambalo limewadanganya wengi. Sheria ya Ulaya iliporefusha ulinzi wa rekodi kutoka miaka 50 hadi 70, kwa uamuzi wa mwaka 2011, haikuzirudisha ndani ya ulinzi rekodi zilizokwisha kutoka. Rekodi zilizotolewa kabla ya 1963 zikabaki huru katika nchi za Umoja wa Ulaya. Ndiyo maana masoko yamejaa santuri za Miles Davis na wenzake zilizofyatuliwa Ulaya kwa bei chee, nyingine zikinakiliwa kutoka kwenye CD tu. Huko ni halali. Lakini hazina thamani ya mkusanyaji, na kuzinunua kwa jumla kwa matumaini kwamba zitapanda ni sawa na kuweka akiba ya magazeti ya jana.

Hata maneno "kutoka kanda ya asili" yanastahili kuulizwa maswali. Mwaka 2022 ilibainika kwamba kampuni ya Mobile Fidelity ya Marekani, iliyojijengea jina kwa matoleo ya gharama kubwa, ilikuwa ikipitisha rekodi nyingi katika hatua ya dijitali wakati wanunuzi wakiamini hakuna hatua hiyo. Wanunuzi walikwenda mahakamani. Ajabu ni kwamba wengi wao hawakuwa wamesikia kasoro yoyote masikioni. Walichonunua ni imani, na imani ikivunjika bei nayo hutikisika.

Upande wa muziki wa kubuni papo hapo, yaani ule unaopigwa bila wimbo uliopangwa kabla, hesabu ni tofauti kabisa. Hapa idadi ni ndogo tangu mwanzo. Mpiga saksafoni Mjerumani Peter Brötzmann alipotoa albamu yake Machine Gun mwaka 1968, aliifyatua mwenyewe kwa nakala 300 tu. Baadaye kampuni ya FMP ya Berlin iliirudia, na imerudiwa tena katika karne hii. Nchini Uingereza, mwaka 1970, Derek Bailey, Evan Parker na Tony Oxley walianzisha kampuni yao ya Incus, na santuri ya kwanza ilikuwa The Topography of the Lungs, ya Parker, Bailey na mpiga ngoma Mholanzi Han Bennink. Muziki wenyewe si wa kuchezea harusini. Gitaa la Bailey halifuati wimbo wala mdundo, na msikilizaji asiyeuzoea anaweza kudhani mpigaji bado anakaza nyuzi.

Kwa mfanyabiashara, somo liko kwenye idadi ya wanunuzi. Santuri ya nakala 300 inaonekana kuwa mali adimu, na ni adimu kweli. Lakini ikiwa duniani kote watu wanaoitafuta kwa dhati mwezi huu ni wawili, bei yake inategemea kama wote wawili wako mnadani siku hiyo. Wakiwapo, itapaa. Akikosekana mmoja, itauzwa kwa nusu. Bei moja kubwa iliyoandikwa mtandaoni haimaanishi kuna soko la bei hiyo. Inaweza kumaanisha kwamba aliyekuwa akiitaka amekwisha kuipata.

Topography inaonyesha pia jinsi hitilafu za wanamuziki zinavyogeuka kuwa bei. Parker aliachana na Incus katika miaka ya 1980, na albamu hiyo ikakosekana madukani kwa muda mrefu. Mwaka 2006 Parker aliitoa kama CD kupitia kampuni yake ya psi, na mwaka 2014 ikarudi kama santuri kupitia Otoroku, kampuni ya ukumbi wa Cafe OTO wa London. Msikilizaji akapata alichotaka. Nakala ya 1970 ikabaki na wale wanaotaka namba moja katika orodha ya Incus.

Sun Ra naye ni soko peke yake. Kampuni ya Saturn, aliyoianzisha Chicago na Alton Abraham katika miaka ya 1950, ilifyatua nakala chache chache, nyingine zikiwa na majalada yaliyochorwa kwa mkono na kuuzwa mlangoni pa onyesho. Lebo na santuri mara nyingi havikulingana. Uhuru huo wa mtengenezaji ni raha ya mkusanyaji, lakini ni mtego kwa mwekezaji mdogo, kwa sababu mahali ambapo hakuna utaratibu ni vigumu kutofautisha nakala halali isiyo ya kawaida na ya kughushi. Asiye na mjuzi wa kumtegemea aiache.

Albamu mpya zinahesabiwa kwa njia nyingine. Kampuni kama International Anthem ya Chicago, Clean Feed ya Lisbon na Intakt ya Zürich hutoa kazi za wanamuziki walio hai, na wanamuziki wengi huuza wenyewe kupitia Bandcamp, inayokata asilimia 10 kwa bidhaa za kushikwa mkononi. Santuri ya mtumba ikiuzwa kwa dola 5,000, mpigaji au wajane wake hawapati senti. Albamu mpya ikiuzwa kwa dola 25, sehemu kubwa humfikia. Kwa faida ya kuuza tena, albamu mpya chache hupanda na nyingi hushuka mara zinapofunguliwa. Anayezinunua azinunue kwa kuzipenda.

Lipo pia kundi la rekodi za zamani zisizowahi kutoka. Both Directions at Once ya John Coltrane ilirekodiwa Machi 6, 1963, lakini ikatoka mwaka 2018, baada ya kanda kukutwa imehifadhiwa na familia ya mke wake wa kwanza. Hapo toleo la 2018 ndilo la kwanza. Hata hivyo lilifyatuliwa kwa wingi, na kuwa la kwanza peke yake hakuifanyi mali kuwa adimu.

Gharama za njiani ndizo zinazowamaliza walio Afrika Mashariki. Chukulia santuri iliyonunuliwa Ulaya kwa dola 60, usafirishaji dola 30, kisha ikauzwa mtandaoni kwa dola 110 na mnunuzi akajilipia usafiri. Ada ya soko ikiwa asilimia 9 ni karibu dola 10, ada ya malipo dola 5, kasha na vifungashio dola 3. Zinabaki dola 2, kabla ya ushuru wa forodha. Faida iko kwa anayeipata santuri hapa hapa, kwenye makasha ya wazee na maduka yaliyofungwa, siyo kwa anayeagiza.

Daraja nalo halina huruma. Minada hutumia vipimo kuanzia Mint, yaani isiyoguswa, kushuka hadi Near Mint, VG+, VG na kuendelea, na tofauti ya Near Mint na VG inaweza kuwa zaidi ya nusu ya bei. Joto la Dar es Salaam au Mombasa hupinda santuri iliyolazwa, na unyevu wa pwani huotesha ukungu kwenye jalada. Zisimamishwe wima, mbali na dirisha, na muuzaji atangaze daraja la chini kuliko analodhani; santuri moja ikirudishwa kutoka Tokyo humeza faida ya tano.

Kwa wanaopekua hapa nyumbani, yapo majina yenye uhusiano wa kweli na eneo hili. Coltrane na Wilbur Harden walirekodi Tanganyika Strut mwaka 1958 kwa kampuni ya Savoy. Kundi la Herbie Hancock la mwanzoni mwa miaka ya 1970 lilijipa majina ya Kiswahili, naye Hancock akawa Mwandishi, jina lililokuwa pia la albamu ya 1971. Albamu hiyo ilitolewa na kampuni kubwa na si adimu sana. Uhuru Afrika ya Randy Weston, iliyorekodiwa New York Novemba 1960, ina shairi la Langston Hughes linalosomwa kwa Kiswahili na Mtanganyika, Tuntemeke Sanga, na muziki wake ulipangwa na Melba Liston. Serikali ya makaburu ya Afrika Kusini iliipiga marufuku mwaka 1964. Toleo la kwanza ni la Roulette, na yapo ya kurudiwa yenye picha ile ile ya jalada. Anayeikuta kwenye kasha la mitumba aitoe ndani ya jalada na kuisoma lebo kabla ya kutaja bei.